Darubini ya Madrasa: Kwa Nini Tulichagua Inayobebeka

Tangu kamati ya msikiti wetu hapa Urambo inunue darubini kwa ajili ya watoto wa madrasa, waumini wametuuliza maswali mawili. La kwanza: kwa nini tuliacha chombo kikubwa tukachukua cha wastani, ilhali michango ilitosha? La pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: je, chombo hiki hakitatuzidishia mgawanyiko katika suala la mwandamo wa mwezi? Yote mawili ni maswali ya haki, kwa kuwa mali iliyotumika ni amana. Tunayajibu hapa kwa manufaa ya familia nyingine zenye nia kama yetu.

Tuanze na ukubwa. Ubora wa darubini haupimwi kwanza kwa kiasi inachokuza, bali kwa upana wa kioo kinachokusanya nuru. Kioo cha milimita 200 hukusanya nuru mara 4 ya kile cha milimita 100. Ndiyo sababu baadhi ya wajumbe walikitamani kioo cha milimita 300, na hesabu yao ilikuwa sahihi: nuru yake huzidi maradufu ya kile cha 200. Lakini chombo hicho pamoja na kitako chake hufikia kilo 40 hivi. Cha milimita 200 kina takriban kilo 20, nacho hutengana sehemu mbili, bomba na kitako.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeketi kwenye mkeka huziona kilo 40 kuwa nyepesi, kwa kuwa si yeye atakayezibeba. Ardhi yetu hii inalifahamu vyema somo hilo. Wapagazi wa Kinyamwezi katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walibeba takriban frasila 2 kila mmoja, yaani kilo 30 na ushei. Stanley alipokuja mwaka 1874 na mashua yake, Lady Alice, ilibidi mashua hiyo iwe ya vipande ili ibebeke mabegani. Kisichogawanyika hakikusafiri.

Hoja iliyokata shauri ilitoka kwa kina mama. Walituuliza: darubini ikisimikwa katika uwanja wa msikiti baada ya Isha, nani atawarudisha mabinti nyumbani gizani? Na mama mwenye mtoto mchanga atatokaje saa 3 usiku? Waliongeza kwamba chombo kisichoweza kutoka stoo kitaonwa na wenye ufunguo peke yao. Hapo tulitambua kuwa katika kuchagua uzito tulikuwa tunachagua nani ataona na nani hataona. Tukaafikiana kwamba darubini itahama kila wiki kutoka ua hadi ua, majirani wakusanyike hapo, na watu wawili waweze kuibeba bila kuumia.

Kuihamisha kuna adabu zake. Ndani ya gari bomba hulazwa juu ya godoro, mdomo ukiwa umefunikwa. Mitikisiko ya barabara huweza kukisogeza kioo, hivyo tukifika tunakirekebisha kwa skrubu zilizo nyuma yake. Tunakitoa chombo nje nusu saa kabla, kipoe sawa na hewa ya usiku, la sivyo picha hutetemeka. Kitako kipya alikitengeneza seremala wetu kwa mbao za mninga. Na sharti moja halina mjadala: mchana darubini hufungiwa ndani, kwani jicho likitazama jua kupitia kioo kile huungua mara moja, na huenda lisipone tena.

Sasa swali la pili. Tuna nyumba hapa ambamo baba na mwana huswali Idi siku mbili tofauti. Kwa hiyo tuliandika katika muhtasari kwamba jioni za kutafuta mwezi wa Ramadhani na wa Shawwal darubini haitatolewa. Vijana wawili walipinga, wakisema elimu haifichwi. Hoja yao nayo imeandikwa. Jibu letu ni kwamba chombo hiki huona sehemu finyu ya anga, na hilali huwa nyembamba, chini kabisa magharibi, ndani ya mwanga wa machweo. Tena mwanafalaki Mfaransa Danjon alibainisha katika miaka ya 1930 kwamba mwezi ukiwa chini ya nyuzi 7 hivi kutoka kwenye jua, jicho halioni hilali yoyote. Darubini haiumbi mwezi ambao haujaonekana. Hukumu ya mwandamo ibaki kwa masheikh, na darubini ibaki kwa tafakuri ambayo Qur'an inatuhimiza, ikiwemo ile ya Surat Yunus aya ya 5 juu ya vituo vya mwezi.

Usiku wa kwanza tuliuchagua uwe wa tarehe 7 ya mwezi wa Kiislamu, mwezi ukiwa nusu, kwani wakati huo vivuli vya milima yake huonekana vizuri kuliko usiku wa mwezi mpevu. Bibi mmoja alitazama kwa muda mrefu, akasema "Subhanallah," kisha akauliza kama watu wa Makka nao wanauona huo huo. Tulimjibu kwamba ni huo huo. Katika foleni nyuma yake walisimama baba na mwana wa nyumba tuliyoitaja, wakisubiri zamu yao.

Kwa familia inayotaka kununua, nasaha yetu ni hii: kabla ya kulipa, mnyanyue chombo hicho nyinyi wenyewe, mkitembee nacho kutoka mlangoni hadi uani. Mkishindwa, chukueni kidogo zaidi. Wabillahi tawfiq.