Kichupa cha Maua ya Dhahabu

Kwa miaka mitatu, kazi yangu ya Ijumaa baada ya kukagua vipaza sauti ilikuwa kusimama mlangoni mwa msikiti na kichupa cha attari, nikiwapaka waumini viganjani. Niliipenda kazi ile. Kujitia manukato siku ya Ijumaa ni Sunna, na hapa Tabora desturi hiyo ina mizizi. Karne ya 19, misafara ya Bagamoyo ilipopita hapa Unyanyembe kuelekea Ujiji, wafanyabiashara wa pwani na wa Oman waliofanya makazi Kwihara walikuja na dini na desturi zao. Harufu ya udi haijatoka majumbani mwetu hadi leo.

Kisha mzee mmoja wa safu ya kwanza, mstaafu wa reli, akaanza kukosekana. Tulidhani ni miguu. Nilipokwenda kumjulia hali nikamwamkia shikamoo, akaitikia, halafu akasogeza kiti chake nyuma.

"Katibu, usinifikirie vibaya," alisema. "Sikuukimbia msikiti. Ni hayo mafuta yako."

Akiyanusa, kichwa humgonga na kifua humbana. Ijumaa ya mwisho alikata sala akatoka nje kutafuta pumzi. Miezi minne alinyamaza, akichelea kuonekana anaikataa Sunna. Ana pumu, na madaktari wanajua vyema kwamba harufu kali huweza kuiamsha.

Usiku ule nilikitazama kichupa changu. Kina maua ya dhahabu, jina la Kiarabu, na maneno kwamba hakina alkoholi. Basi. Hakuna kiwanda, tarehe wala orodha ya vilivyomo. Muuzaji huipima kutoka chupa kubwa, na neno lake ni moja: "Hii ya asili, Sheikh." Nami niliyesoma fiqhi chuoni sikuwahi kuuliza zaidi ya alkoholi, kana kwamba kilicho halali hakiwezi kudhuru.

Uasili wenyewe si kinga. Limonini hutoka katika maganda ya machungwa, linalooli katika maua ya lavenda. Zote mbili zikikaa hewani hubadilika na kuweza kuleta mzio wa ngozi. Umoja wa Ulaya, tangu 2005, umewalazimu watengenezaji kuvitaja kwa majina viambato 26 vya manukato vinavyojulikana kwa mzio. Kwa bidhaa inayobaki mwilini, kiambato hutajwa kikizidi sehemu 1 katika 100,000. Mwaka 2023 orodha hiyo ilipanuliwa, ikapita 80.

Kikaoni mjumbe mmoja alisema naleta mambo ya Wazungu. Nikamkumbusha hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.) iliyomtaka aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti. Kitunguu saumu ni halali, tena wengine hukila kama dawa. Kilichozuiwa ni kuwaudhi wenzake. Tulibishana hadi Isha. Tukaafikiana attari isipakwe mlangoni, na udi ufukizwe Alhamisi usiku, madirisha yakiwa wazi.

Lakini kamati ya msikiti haiwezi kuandika maelezo kwenye chupa za sokoni. Nchini kwetu usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, na ombi langu kwao si kuzuia attari. Kila kichupa, hata cha kupimiwa, kibandikwe karatasi yenye vilivyomo na onyo kwa mwenye pumu au mzio. Ndugu zangu wauzaji hawana haja ya kungoja amri. Karatasi na gundi si ghali.

Mzee amerudi, hukaa karibu na dirisha la mashariki. Ijumaa iliyopita kijana mwenye kanzu mpya aliketi ubavuni mwake, akinukia tangu getini. Mzee alinyanyuka taratibu, akaenda kusali barazani, juani. Kijana hakujua kitu. Baada ya sala nilimwomba anioneshe kichupa chake, akakitoa mfukoni kwa furaha, akidhani nataka kupakwa. Kilikuwa na maua yaleyale ya dhahabu.