Vyoo Vingi Kuliko Kaya

Mwaka 2024 serikali ilipozindua upya kampeni ya Mtu ni Afya, vijana wengi hapa kijijini walidhani jina hilo limebuniwa juzi. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1973 tunalifahamu vizuri. Tulilisikia kwenye Redio Tanzania Dar es Salaam, tukalichimbia mashimo, na baadhi yetu tukalizikia watoto wachache kuliko tulivyokuwa tumezoea. Ninaandika kwa sababu mashahidi tunapungua, na kwa sababu kampeni ile inasimuliwa siku hizi kama kwamba redio ndiyo iliyojenga vyoo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, binti wa miaka ishirini na kitu. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nilipewa pia kazi ya kuandika mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hivyo jambo hilohilo nililiona mara mbili: jioni nikiongoza kikundi cha redio, na tena kwenye meza ya kamati, karatasi za wilaya zilikofikia.

Wakati wenyewe ulikuwa wa matumaini makubwa. Julai 1972 yalikuja Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na badala yake akaja Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya pamoja na maofisa wa mipango, afya, elimu, maji na kilimo, wote chini yake. Tuliambiwa mipango haitapangwa tena Dar es Salaam. Mwaka mmoja nyuma, 1971, TANU ilikuwa imeazimia kwamba ndani ya miaka ishirini kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumbani kwake. Tuliamini, na sioni aibu kusema hivyo. Wazazi wetu walikuwa wameona serikali inayokuja kudai kodi tu, na sasa tuliona serikali inayouliza mtoto ameharisha lini.

Kampeni iliandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kushirikiana na wizara na chama. Ilidumu majuma 12. Kila juma kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi, kikasoma sura ya kitabu, kikajadili, halafu kikaamua la kufanya. Malaria, kichocho, kuhara, safura, kifua kikuu: kila ugonjwa ulikuwa na siku yake. Nchi nzima walishiriki zaidi ya watu milioni 2, baadhi yao wakiwa hawajui kusoma, wakisomewa na jirani au na mtoto wao mwenyewe.

Kikundi changu kilikaa kwenye baraza la shule. Redio ilikuwa ya betri, mali ya mwenye duka, na betri zikichoka tulizianika juani ili zitusukume hadi mwisho wa kipindi. Juma la malaria lilipita bila ubishi. Kesho yake watu walifyeka majani, wakafukia madimbwi, wakafunika mitungi. Juma la choo ndilo lililotukwamisha.

Bwana afya wa tarafa alikuwepo siku hiyo. Alisoma kanuni: shimo lenye kina cha kutosha, mbali na kisima, nyumba moja choo kimoja. Alipomaliza, mzee mmoja aliyekaa nyuma aliomba nafasi. Alikuwa mtu wa heshima zake, na hakuwahi kusema kitu kwenye vikao vyetu.

“Mwalimu, binti yangu, samahani. Mimi naishi na mwanangu na mke wake. Unataka niongozane na mkwe wangu kwenye kijia kimoja? Nikimkuta anatoka huko, uso wangu nitauficha wapi?”

Bwana afya alimjibu kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba asiye na choo atatozwa faini. Wanaume wakanyamaza, na kila mtu barazani alijua ukimya ule ni wa kukataa. Kwetu mkwe haguswi, hatajwi jina, haliwi naye. Kumwambia mzee yule ashirikiane choo na mke wa mwanawe ilikuwa kumwambia avunje nyumba yake.

Aliyetutoa pale alikuwa mama mmoja mkunga. Alisema bila kusimama, mtoto akiwa mgongoni: “Kwani ardhi imekwisha? Wazee wachimbiwe upande wa mashariki, vijana upande wa magharibi, na kila njia itoke mlango wake.” Basi. Kikundi kilijadili mpaka giza, si kama choo kinafaa, bali nani atawachimbia wazee wasio na nguvu. Wakakubaliana kwamba vijana watazunguka nyumba kwa nyumba.

Waliochimba wanakumbuka kazi yenyewe. Shimo lilichimbwa mpaka mchimbaji akaingia na kupotea, udongo ukavutwa juu kwa kikapu na kamba. Juu yalilazwa magogo, na hapo palikuwa na utaalamu wake, maana mchwa wa kwetu hawana huruma. Vijana walikwenda kiwanda cha mkonge wakaomba oili chafu, wakayapaka magogo kabla ya kuyalaza. Kisha fito, kisha udongo wa kichuguu uliokandwa na kulainishwa kwa mkono na akina mama. Tundu likafunikwa kwa mfuniko wa mbao wenye mpini mrefu ili usiiname kuushika, na pembeni kopo la majivu. Choo cha namna hiyo kilikuwa hakina nzi. Niliingia katika vingi, nasema ninachokijua.

Kampeni ilipokwisha, wilaya iliagiza taarifa. Fomu ilikuwa na safu tatu: kijiji, idadi ya kaya, idadi ya vyoo. Nilijaza kwa uaminifu, na vyoo vyetu vikazidi kaya. Baada ya muda fomu ilirudi. Kwa wino mwekundu mtu alikuwa ameandika: “Haiwezekani. Rekebisha.”

Kamati ilikaa. Nilielekezwa niandike maelezo, nikaandika ukurasa mzima: wakwe, njia mbili, pendekezo la mama mkunga, vijana waliojitolea. Nikaeleza kwamba katika kata za jirani, zilizopewa kanuni na faini tu, vyoo vilikuwepo lakini vilifanywa ghala la kuku na majembe. Tukapendekeza mpango wa mwaka unaofuata utenge fedha kidogo za oili na misumari, na siku chache za bwana afya kukaa na vikundi, asije tu kukagua. Maelezo yale hayakujibiwa. Taarifa ya wilaya ilipotoka, tulihesabiwa choo kimoja kwa kila kaya.

Nchi nzima ilikadiriwa kwamba vyoo vipya 750,000 hivi vilijengwa kwa kampeni ile, na siwezi kuisikia hesabu hiyo bila kuona fahari. Lakini kila nikiitazama nawaona pia wakwe walioachwa nje ya fomu. Kama swali lao lingeingia katika mpango wa wilaya, bwana afya angekwenda kata ya pili akiwa na jibu mkononi.

Halafu mashimo tukayaacha. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kazi iwe imekamilika. Operesheni ilipotufikia, vitongoji vyetu vilihamishiwa barabarani. Viwanja vilipimwa kwa kamba, mistari minyofu, nyumba zikitazamana. Nafasi ya shule ilionyeshwa kwenye ramani, ya ofisi ya kijiji pia. Choo hakikuonyeshwa, na nafasi iliyobaki nyuma ya nyumba haikutosha njia mbili. Wazee wakarudi porini, na pori la kijiji cha watu wengi si pori la kitongoji. Mto tulioutegemea ukawa wa wote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko wino mwekundu: ofisi ileile iliyohesabu vyoo vyetu ndiyo iliyochora viwanja bila kuvikumbuka.

Mwaka 1977 kipindupindu kilizuka Pwani na kusambaa mikoani. Kilipotufikia kulikuwa na karantini, minada ikafungwa, maiti wakazikwa haraka bila matanga. Nikaona jambo ambalo halimo katika taarifa yoyote. Hakuna aliyesubiri fomu. Vijana wa 1973, sasa baba na mama wa watu, walikusanyika bila redio. Walijua kuchimba, walijua majivu, walijua maji yachemshwe. Waliwaomba majirani wa viwanja vya nyuma wasogeze uzio ili wazee wapate njia yao, na majirani wakasogeza. Tulizika watu, lakini wachache kuliko tulivyoogopa.

Halmashauri zilirudi kwa sheria ya 1982, zikaanza kazi 1984. Diwani wetu wa kwanza alikuwa mmoja wa wachimbaji wale, na katika bajeti yake ya kwanza alipigania bwana afya mwenye baiskeli yake. Alizungushwa muda mrefu, akampata. Tangu hapo nimeona mipango mingi shirikishi, na kampeni ya Nyumba ni Choo ya mwaka 2017, iliyokuwa na mabango mazuri na nia njema.

Mwaka huu nilihudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Kijana wa halmashauri, mstaarabu, alitusomea mpango wa afya na usafi wa mazingira: asilimia ya kaya zenye choo bora, lengo, muda. Nilisimama nikamuuliza: hizo kaya zilikaa wapi zikaamua? Na fedha za kurudi kuzitembelea mwaka kesho ziko ukurasa wa ngapi? Aliniamkia, akasema, “Bibi, hilo nitalipeleka.” Nimemwandikia kwa mkono, ukurasa mmoja, kama nilivyoandika zamani. Nimeomba vikundi vikutane kila juma angalau majuma 12, maofisa wakae wasikilize, na fomu iongezwe safu moja ya kuandika watu walikataa nini na kwa sababu gani. Nakala nimempa diwani na mwenyekiti wa kijiji, wasaini kwamba wameipokea.