Mafuta Yaliyonywewa na Mawe

Tafakari yetu safari hii haitoki altareni. Inatoka katika banda la mabati nyuma ya kanisa, tunapohifadhi trekta dogo la bustani, na inahusu kosa tulilolitenda pamoja, sisi wazee wa chama.

Trekta hilo lililetwa na wamisionari miaka mingi iliyopita kwa ajili ya kukata majani. Wao waliondoka, lenyewe likabaki. Ni la aina iliyoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1960, isiyo na gia za kubadilisha. Injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta kwa nguvu, na mafuta hayo huzungusha mota inayoendesha magurudumu. Mtambo huo huitwa wa haidrostatiki. Uzuri wake ni kwamba huvuta mzigo polepole bila kushtuka. Udhaifu wake ni kwamba mafuta yakipungua, nguvu hupungua, na yakizidi kupungua pampu hujila yenyewe.

Aliyekaa Goma anajua kwamba kulima hapa ni kubeba. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu likaangamia. Juu ya mawe yale meusi jembe haliingii. Udongo huletwa na maji huletwa. Trekta letu lilivuta kutoka ziwani madumu kumi na matano ya lita 20, yaani kilo 300 za maji kwa safari moja. Lengalenga na kabichi za bustani ile zilikuwa za familia zilizokimbia vita.

Dereva wake alikuwa kijana wa mojawapo ya familia hizo. Alitoka Masisi, akaishi na mama yake na wadogo zake chini ya turubai kambini Bulengo. Alilipenda trekta lile, akaliosha kila Jumamosi kabla hata ya kunawa uso wake mwenyewe. Nasi tulimwita kijana wetu.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mafuta ya mtambo yakaanza kupungua. Tuliongeza lita moja. Baada ya juma moja kijiti cha kupimia kikaonyesha imetoweka. Tukaongeza nyingine, nayo ikaenda. Tulitazama chini ya trekta, hatukuona doa lolote. Basi tukahitimisha: mafuta yasiyomwagika yameuzwa. Ule ulikuwa mwezi wa Februari, vita vilikuwa vimefika karibu na Sake, bei za vitu zilikuwa zikipanda, na kila mmoja alijua kwamba mwenye njaa hushawishika. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi ndio tuliomfunga kamba hiyo. Jumapili moja baada ya Misa, mbele ya wanachama wote, tulimwuliza mafuta yako wapi. Alijibu, “Baba zangu, mimi sijui. Nayaweka, nayo yanaisha.” Tulimkata bei ya lita tatu katika malipo yake, tukamwambia asirudi. Aliweka ufunguo juu ya meza, akaenda zake.

Kwaresima iliendelea. Tulifunga, tulifanya Njia ya Msalaba kila Ijumaa, na mafuta yakaendelea kupungua, ingawa ufunguo ulikuwa sasa mfukoni mwa mmoja wetu. Hilo lilitusumbua, lakini hakuna aliyelisema kwa sauti. Kisha Jumatatu tarehe 18 Machi, Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima, somo la Misa lilikuwa habari ya Suzana katika kitabu cha Danieli. Wazee wawili wenye heshima wanamshtaki mtu asiye na kosa, na mkutano wote unawaamini kwa sababu ni wazee. Danieli kijana anawatenga, anamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani. Hana elimu ya siri. Anauliza tu swali ambalo wengine wote walipaswa kuliuliza kwanza. Tulipotoka kanisani hatukuweza kutazamana.

Siku iliyofuata tulimwita fundi mzee. Hakuuliza juu ya kijana. Alituamuru tuoshe sanduku la mtambo kwa mafuta ya taa hadi chuma kionekane, tulikaushe, kisha tulipake unga wa muhogo. Tuliinua magurudumu ya nyuma, tukayaegemeza trekta juu ya mawe ya lava, tukaendesha mtambo nusu saa. Ulipopata moto, unga ukaanza kulowa mahali pamoja: pale mhimili unapoingia katika pampu. Pete ya mpira inayozuia mafuta ilikuwa imekauka na kupasuka. Lilipokuwa baridi, trekta halikuvuja. Lilivuja likiwa na mzigo, njiani. Na njia zetu ni za changarawe ya lava, yenye matundu kama sifongo, inayokunywa kila kitu bila kuacha alama. Mafuta yale hayakuuzwa. Yalinywewa na mawe.

Fundi aling'oa pete kuukuu. Kwa miaka mingi ilikuwa imechimba mstari mwembamba katika mhimili, kwa hiyo aliiweka mpya bila kuizamisha kama ile ya kwanza, ili mdomo wake uguse chuma kisichochimbika. Tulijaza mafuta, tukayazungusha magurudumu polepole hewani, mbele na nyuma, hadi hewa iliyonaswa ikatoka na kelele ikatulia.

Baada ya siku kumi unga ukalowa tena. Hapo mmoja wetu akafungua kinywa kusema kwamba mwenye duka ametuuzia pete bandia. Akanyamaza mwenyewe katikati ya sentensi. Tulimrudia fundi. Alitazama juu ya sanduku, akatuonyesha kitundu kidogo cha kupumulia, kimezibwa kabisa na vumbi la volkano lililogandamana na mafuta. Mtambo ukipata moto, hewa iliyomo ndani hutanuka. Isipopata pa kutokea, husukuma mafuta kupitia mahali palipo dhaifu. Alikizibua kwa waya mwembamba. Tangu siku ile hapajavuja.

Tuliona kwamba ndivyo tulivyofanya sisi. Hofu ya vita, uchovu na hasira vilitujaa mioyoni bila pa kutokea, navyo vikampata aliye dhaifu kuliko sote. Katekisimu ya Kanisa, namba 2477, inahesabu kuwa ni kosa kumwamini jirani kuwa mwovu bila msingi wa kutosha, hata moyoni tu. Na namba 2487 inatukumbusha kwamba hata mkosaji akisamehewa, deni la kulipa uharibifu alioufanya linabaki. Maungamo hayakutosha. Tulimshtaki mbele ya watu. Ilitupasa tuseme mbele ya watu.

Tulikwenda Bulengo tukiwa watano, na fedha ya lita tatu mkononi. Mama yake alitusikiliza amesimama. Akasema, “Mafuta mtarudisha. Je, siku zile ambazo mwanangu hakutoka ndani ya turubai?” Hatukuwa na jibu, wala hatukujaribu kulitafuta. Jumapili iliyofuata kijana alikuja kanisani. Baada ya Misa tulisimama pale pale tulipomhukumu, tukasema alikuwa mkweli nasi tulikosa. Alitupa mkono mmoja mmoja. Hakurudi kazini, alikwisha kupata kazi ya kusukuma chukudu, na hatukumlazimisha.

Mwezi wa Februari 2025 kambi zilizouzunguka mji wetu zilibomolewa, watu wakatawanyika. Hatujui alipo leo. Tunajua tu kwamba kama tungeahirisha safari ile hadi mambo yatulie, hatungempata tena. Ndugu wapendwa, kama yupo mtu unayedaiwa neno la namna hiyo, nenda juma hili, angali anapatikana.

Sisi tunatandika boksi la karatasi chini ya trekta kila tunapolirudisha likiwa na moto. Anayefika bandani huinama kwanza, akalitazama.