Kabla ya kununua skafu, uliza mchoro ni wa nani

Tukiwa dukani jijini Wellington, New Zealand, nilishafungua pochi. Skafu ya hariri, ya kijani, laini ajabu. Nilijua itampendeza mama yangu. Katikati ilichorwa uso wa mzee uliojaa mistari ya kuzunguka. Binti yangu wa miaka tisa akauliza, "Mama, huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Muuzaji naye hakuwa nalo.

Asubuhi ile tulikuwa tumetembelea Te Papa, makumbusho ya taifa iliyo kando ya bandari. Ndipo tulipojifunza kuwa michoro ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, si pambo tu. Koru, ule mchoro uliojikunja, ni jani changa la kangaga linalofunguka: uhai mpya na kukua. Hei matau, yaani ndoana, humtakia heri anayesafiri majini. Lakini moko, chale za usoni, hueleza ukoo wa mtu na hadhi yake. Tena kwa Wamaori kichwa ni kitakatifu. Kujifunga shingoni uso wa babu wa watu, bila kujua ni nani, si jambo dogo.

Mwaka 1991 Wamaori sita walipeleka madai kwenye Baraza la Waitangi, linalosikiliza malalamiko yao dhidi ya serikali. Walitaka ujuzi na sanaa za makabila yao zilindwe. Ripoti ilitoka mwaka 2011. Baadhi yao walikuwa wameshafariki.

Niliirudisha ile skafu. Duka la pili tulipata nyingine yenye koru, na kikaratasi chenye jina la msanii wa Kimaori aliyeichora, kabila lake na maana ya mchoro. Bei ilikuwa juu zaidi. Nikaacha zawadi yangu mwenyewe.

Mzazi, nyumbani hatumpi mtu kanga kabla ya kusoma jina lake. Ukisafiri na watoto, wafundishe kufanya vivyo hivyo kwa nguo za wenzetu: waulize mchoro una maana gani, na nani kauchora.

Bibi alipofungua zawadi yake, aliyemweleza maana ya koru ni mjukuu. Mimi nilikaa kimya nikisikiliza.