Uzi Ulikatwa na Nani?

Mwaka 1918 mwandishi wa Kijapani, Akutagawa Ryunosuke, alitoa hadithi fupi katika Akai Tori, jarida la watoto lililoanzishwa mwaka ule ule. Nimeisoma na wanafunzi wangu mara nyingi, na kila mara huzuka ugomvi ambao siwezi kuuamua kwa moyo mweupe.

Hadithi ni hii. Asubuhi moja Budha alikuwa akitembea peponi kando ya ziwa la mayungiyungi. Alitazama chini kupitia maji maangavu, akamwona mnyang'anyi Kandata akitaabika jehanamu. Kandata alikuwa muuaji na mchomaji wa nyumba za watu, lakini siku moja msituni aliinua mguu amponde buibui, kisha akauzuia, kwa kuwa kiumbe yule mdogo naye ana uhai. Kwa ajili ya wema huo mmoja Budha alimteremshia uzi wa buibui. Kandata akaushika, akapanda. Alipochoka akatazama chini, akaona wenye dhambi wasio na idadi wakimfuata kama siafu. Akawakemea washuke, kwani uzi ni wake. Papo hapo uzi ukakatika pale alipoushika, naye akaanguka gizani. Budha akageuka kwa huzuni, akaendelea na matembezi yake.

Wanafunzi wengi humlaumu Budha. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mwenye pepo nzima alikosa kamba?" Darasa likacheka, lakini swali lilikuwa zito. Nilimjibu kwamba katika mafundisho ya Budha hakuna hakimu aketiye kitini akigawa adhabu. Tendo huzaa tunda lake lenyewe, na mzizi wa tendo ni nia. Uzi ule ulikwisha kuwabeba wote. Uzito wao haukuongezeka Kandata alipofumbua kinywa. Kilichobadilika ni nia yake. Mwandishi hakuleta malaika mwenye upanga, maana tungelaumu upanga. Kweli, mwishoni ametaja ukatili wa moyo ule na adhabu iliyoustahili. Kwa maoni yangu angaliweza kunyamaza.

Nina sababu ya kuishikilia hoja hii. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, maktaba ilikuwa na nakala moja tu ya kitabu tulichokihitaji wote kwa mtihani. Majuma mawili kabla ya siku yenyewe nilikificha sandukuni mwangu, chini ya nguo. Sikukiiba, nilikusudia kukirudisha, na nilikirudisha. Mwenzangu wa chumba kimoja alikitafuta siku nne, akaniuliza kama nimekiona. Nikasema sijakiona. Mimi nikafaulu, yeye akaanguka, ikambidi aufanye mtihani ule tena.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba angalianguka hata kama angalikisoma. Huenda ni kweli. Lakini hesabu hiyo inahusu mtihani wake, haihusu nia yangu. Wala uzi wangu haukukatika: nilipata cheti, nikapata kazi. Wafuasi wa Budha husema kwamba tunda la tendo huweza kuchelewa kuiva.

Mwenzangu yule naye ni mwalimu sasa. Hukutana katika mikutano ya walimu, hunishika mkono kwa furaha, huniulizia watoto wangu. Bado sijamwambia. Na darasani, tunapofika mahali Kandata anapotazama chini, humpa mwanafunzi kitabu aendelee kusoma yeye.