Matope ya Mikoko na Makala Yetu

Sisi wa Kasongo na Kabambare twaishi mbali na bahari, na wengi wetu hatujapata kuiona. Maji yetu, hata hivyo, yanaijua. Luama hupita Kabambare na kumwagika katika Lualaba. Lualaba ikishapita Kisangani huitwa Kongo, na mwisho huingia Atlantiki karibu na Muanda. Pale mlangoni mwa mto pana msitu wa mikoko, miti inayostahimili maji ya chumvi na kusimama juu ya matope kwa mizizi iliyo kama miguu. Serikali iliufanya hifadhi mwaka 1992.

Hazina ya msitu wa namna hiyo imo chini zaidi kuliko juu. Mti huvuta kaboni kutoka hewani na kujijenga kwayo. Msituni kwetu jani likianguka huoza upesi, na sehemu kubwa ya kaboni hurudi hewani. Katika matope yaliyojaa maji, oksijeni ni haba, uozo huenda polepole, na kaboni huweza kukaa humo karne nyingi. Mikoko ikikatwa na matope kufukuliwa, akiba hiyo hutoka na kuongeza joto la dunia. Kaa na samaki wachanga nao hukosa makao, na mvuvi huona hasara hiyo mapema.

Tumevutiwa na vijiji viwili vya pwani ya Kenya, Gazi na Makongeni. Tangu 2013, kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, wanakijiji hulinda hekta 117 za mikoko na kuwauzia walio mbali hati za kaboni, kadiri ya tani 3,000 kwa mwaka. Fedha si nyingi. Anayetarajia utajiri wa dhahabu atasikitika. Lakini zimeleta maji safi na vifaa vya shule, na wenyeji ndio huamua matumizi. Kwa maoni yetu, hilo lina uzito kuliko tani zote. Tena hawakukataza kuni bila kutoa badala yake: walipanda mivinje nchi kavu, ili nguzo na kuni zipatikane huko.

Kwetu jambo ni makala. Kijana anayechoma makala si adui wa msitu. Huenda analipa karo ya wadogo zake. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliyatazama mazingira na umaskini kama shida moja. Huko Mampu, upande wa Kinshasa, wakulima hupanda akasia kwa ajili ya makala, na mihogo katikati yake.

Katika kikundi chetu tumeulizana: nasi tupande wapi? Mbegu zilituchukua dakika chache. Shamba lilituchukua jioni nzima, maana ardhi ni ya ukoo, na kijana hana neno mbele ya wazee asipoitwa. Tumewachagua wawili, kaka mmoja na dada mmoja, waende kuomba kusikilizwa kabla ya mvua.