Chai ya Mama

Chai ya nyumbani kwetu Mbagala ilikuwa na chumvi hata kabla hujatia sukari. Kisima tulichochimba uani kilitoa maji mengi, lakini sabuni haikutoa povu na kiu haikukatika.

Mimi, ndugu msomaji, tangu nimalize kidato cha nne kazi yangu ni riwaya isiyokwisha. Siku moja mama akanichapa na swali: "Wewe unayesoma usiku kucha, maji haya yamekushinda?"

Nikaingia maktaba. Nikakuta kwamba mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, uliowahi kuletewa maji ya kunywa kwa treni, ulianza kusafisha maji yake ya kisima kwa kuyasukuma kwenye utando. Kwa kawaida maji hupenya utando kwenda upande wenye chumvi nyingi. Ukiyasukuma kwa presha ya kutosha, yanageuza njia na chumvi inabaki nyuma. Kumbe!

Mama akakopa kwenye kikoba chao. Mimi na mshikaji wangu fundi bomba tukanunua pampu, chujio la mchanga, utando na mita. Maji ya kisima yalisoma miligramu 2,800 kwa lita. Yaliyopita utandoni, 170. Mama akapika chai, akanywa, akanyamaza. Kisha akaita majirani.

Basi nikajifanya mjuaji. Nikatia klorini kwenye tangi, ati niue vijidudu. Sikujua kuwa klorini huula utando wa aina ile, ndiyo maana mafundi hutanguliza chujio la mkaa. Mita ikapanda: 300, 600, 1,100. Na mkopo ndio kwanza tumeanza kurejesha.

"Umeharibu?"

"Ndiyo, mama."

Neno hilo lilikuwa gumu kuliko kuandika sura nzima. Hakunigombeza. "Haya, katafute hela ya mwingine."

Nilibeba zege miezi miwili. Sasa utando wa pili uko kazini, mkaa mbele yake. Katika ndoo 4 tunapata 1 tamu. Zile 3, chumvi imezidi, tunapigia deki na kumwaga chooni. Je, zikizama ardhini hazirudi kisimani? Hilo linaninyima usingizi.

Riwaya imelala sura ya tano. Ila marejesho yamebaki mawili, na jioni mama hunywa chai vikombe viwili.